Kabla ya Kuilaumu Mashine, Gusa Plagi

Walionisikia Kakamega na Nakuru wanajua ninakoanzia, na wanivumilie. Naanzia kwenye plagi.

Hizi draya za mtumba kutoka Uingereza, mashine za kukaushia nguo, nyingi zinakula wati 2,000 hadi 3,000. Kwa stima yetu ya volti 240, wati 3,000 ni ampea 12.5. Plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni 13. Mtasema birika nalo linakula hivyo hivyo. Ndiyo, kwa dakika chache. Draya inakula saa nzima, na siku ya mvua inashinda ikizunguka.

Najua kuna anayejiuliza nani ana draya Kisumu, na jua hili. Aende Milimani mwezi wa Aprili, kwenye nyumba za wageni wa siku mbili tatu, aone shuka zilivyorundikana. Au aulize wapangaji waliokatazwa kuanika kwenye roshani. Tuendelee.

Mama mmoja mwenye nyumba kama hizo aliniita baada ya mafundi kumlia pesa. Mmoja alibadilisha elementi, ile koili ya kupasha joto. Mwingine akabadilisha thamostati, kile kinachodhibiti joto. Wa mwisho akasema mota imekufa, anunue mashine nyingine, na kwa bahati njema yeye mwenyewe alikuwa nayo ya kuuza! Mashine ilikuwa inafanya kazi, inazima, ikipoa inawaka. Nikamuuliza: mlishagusa plagi? Akanitazama kama mganga aliyeitisha kuku mweusi. Nikaichomoa. Mguu mmoja umekuwa kahawia, plastiki ya soketi imelainika. Kufungua soketi, skrubu ya waya wa laivu imelegea, unaizungusha kwa kidole. Na waya wenyewe uliotoka ukutani ni wa milimita mraba 1.5, waya wa taa, mahali panapotaka 2.5. Aliyejenga alibakisha shilingi kadhaa mfukoni.

Sasa hesabu, maana nikisema bila hesabu mnaniita mzee wa kutisha watu. Joto la kiungo kilicholegea ni mkondo, yaani ampea, mara mkondo mara ukinzani. Weka ukinzani mdogo tu, omu 0.1. 12.5 mara 12.5 mara 0.1: wati 15 na ushee, zote kwenye kichwa cha skrubu, saa nzima. Plastiki gani itavumilia?

Na hapa ndipo mnaponibishia: "Fundi, si breka ingeshuka?" Haishuki! Breka inahesabu ampea, na ampea ni zile zile 12.5. Kwake yeye mambo ni shwari huku soketi inaungua. Kwa hiyo draya ikishazunguka nusu saa, izime, chomoa plagi, uiguse. Vuguvugu, sawa. Ikikufanya uondoe mkono, mwite fundi wa soketi, si wa draya. Na ekstensheni sitaki hata kuijadili. Zile za bei rahisi zina waya wa 0.75, wa ampea 6, halafu mnauacha umejikunja chini ya zulia.

Sehemu ya pili ni nyuzi za nguo. Chujio likijaa, hewa haipiti, joto linabaki ndani, fyuzi ya joto inakatika. Imekatika kwa kuwa imefanya kazi yake. Fundi wa mtaani anaipitishia kipande cha waya, mashine inawaka, mnamshukuru. Sasa hakuna kinachozuia moto. Na msiseme huu ni uchafu wa wavivu tu. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza Uingereza kwamba nyuzi zingeweza kufikia elementi ya draya zake za tangu 2004, zikiwemo za majina ya Hotpoint, Indesit na Creda, na kushika moto. Mwaka 2016 draya ya Indesit iliunguza ghorofa Shepherd's Bush, London. Zilianza kurudishwa rasmi 2019. Mtumba hauji na barua ya onyo, kwa hiyo soma lebo kabla hujalipa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Draya ya Marekani: elementi yake volti 240, lakini mota ni ya 120 na hezi 60. Ukiipa mota 240 yetu inaungua. Shemeji akikuletea kwenye kontena, mshukuru, iuze vyuma. Elementi iliyokaa muda mrefu bila kutumika hunyonya unyevu, stima inavujia kwenye bodi. Bila waya wa ardhini wa kuipeleka chini stima hiyo, wewe ndiye waya wa ardhini. Panya wanakula nyaya. Radi za huku ziwani mnazijua, na stima ikipotea chomoa, maana inavyorudi hairudi kwa adabu. Swichi ya mlango na taima tutaziacha, hizo zinakera tu.

Maswali. Mama mwenye mkono juu, kabla hujauliza: iko kwenye ekstensheni?