Muda wa Kulifikia Neno: Mhadhara kwa Wanaojifunza Kiitaliano, Iringa

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, na wazee mliokubali kuacha moto wa nyumbani mkaja kukaa katika baridi hii, kamwene. Nimeombwa nizungumze na watu wazima ambao wamekwisha kuvuka hatua ya kwanza ya Kiitaliano. Wengi wenu mmefika kwenye ngazi ambayo mwongozo wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001 unaiita B1: mnasoma barua, mnaelewa maelekezo ya daktari mgeni, mnaandika ujumbe mfupi bila kamusi, lakini mkisimama uso kwa uso na Mwitaliano ulimi unakuwa mzito kama wa mtu aliyeanza jana.

Lugha hii si ngeni katika milima yetu. Wamisionari wa Konsolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024, walifika Iringa mwaka 1919 wakashika kazi iliyoachwa na Wabenediktini wa Kijerumani, na tangu hapo watu wa Tosamaganga na vijiji vya jirani wamekisikia Kiitaliano karakanani, wodini na jikoni. Mimi mwenyewe nilikiokota kwenye ujenzi, nikiwafasiria mafundi maneno ya msimamizi aliyetoka Italia.

Siku moja mwishoni mwa Novemba, mawingu yakiwa yameshatanda, nilimuuliza msimamizi huyo kama tutamaliza kupiga bati kabla mvua haijaanza. Akanijibu neno moja tu: “Magari!” Nikageuka kutazama getini, nikidhani malori ya mchanga yamefika. Mafundi walicheka mpaka wakashuka kwenye ngazi. Katika Kiitaliano, *magari* likisemwa peke yake namna hiyo maana yake ni “laiti ingekuwa hivyo!” Jambo lililoniuma ni kwamba neno hilo nilikuwa nalijua, nilikuwa nimelisoma na kuliandika katika daftari miezi kadhaa kabla. Nilichokosa pale ni muda wa kulifikia.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Mwanafunzi wa ngazi ya kati hudhani kwamba anahitaji msamiati zaidi, kwa hiyo hununua kitabu kingine na kujaza daftari jingine, ilhali anapoulizwa swali jepesi huanza kuitunga sentensi kwa Kiswahili, kisha huitafsiri, kisha hujiuliza kama nomino ni ya kike au ya kiume na kama kitenzi cha wakati uliopita kinataka kisaidizi *ho* au *sono*, na akimaliza ukaguzi huo mazungumzo yameshahamia jambo jingine. Mazoezi yake yote, kwa maoni yangu, yapimwe kwa kigezo kimoja: je, yanampunguzia muda huo?

Njia ya haraka kuliko zote ni kujifunza kusitasita kwa Kiitaliano. Sisi tunapotafuta neno husema “yaani”, “sasa”, “basi”, na msikilizaji hutusubiri kwa sababu anajua bado tupo. Waitaliano wana *cioè*, ambalo ni “yaani” kabisa, na *allora* la kuanzia, na *insomma* la kufungia maelezo yaliyorefuka. Mwenye kunyamaza kimya huonekana amemaliza au hakuelewa, na mwenzake humrahisishia mambo au huhamia Kiingereza. Kariri pia sentensi moja nzima kama unavyokariri sala: *non mi viene la parola*, yaani neno haliniji. Ukiisema hiyo, Mwitaliano hukupa neno lenyewe, na mazungumzo yanaendelea.

Sasa nije kwenye matamshi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kosa letu maalumu. Irabu hazitusumbui sana. Wageni wengi wanatuonea wivu. Tatizo ni mkazo. Karibu kila neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayahamishia Italia bila kujua. Mara nyingi yanatufaa, lakini *tavolo* hukazwa mwanzoni, *medico* vilevile, na vitenzi vya nafsi ya tatu wingi ndivyo vinavyotuangusha zaidi: ni PArlano, si parLAno, ni Abitano, si abiTAno. Liko hata neno *ancora*, ambalo likikazwa mwanzoni ni nanga ya meli na likikazwa katikati ni “bado” au “tena”. Ninawashauri kila kitenzi kipya mkikariri pamoja na umbo hilo la “wao”, kwa sauti, mkigonga meza penye mkazo.

Halafu kuna konsonanti zinazoandikwa mara mbili. *Pala* ni koleo na *palla* ni mpira, na mimi niliwahi kuomba mpira kwenye shimo la msingi. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. Walimu wengi huwaambia wanafunzi “tamka kwa nguvu”, ushauri ambao mimi siukubali, kwa sababu nguvu si kitu kinachotakiwa. Kinachotakiwa ni kushikilia. Na kushikilia mnakujua tayari. Tamkeni “mmea”, tamkeni “mmoja”: midomo imefungwa na sauti imengoja kidogo kabla ya kuachia. Ngojeni hivyo hivyo katika *mamma*, kisha uhamisheni mngojo huo kwenye *palla*, kisha kwenye *sette*, ambako hakuna sauti inayosikika wakati wa kungoja, ni kimya kifupi tu.

Upande wa sarufi tuna mtaji ambao hatuutumii. Mwenye kukulia katika ngeli hapaswi kuogopa upatanisho wa kisarufi. Mtu akikuuliza, “Umeziona funguo?” unajibu, “Nimeziona,” na hiyo *-zi-* inakuja yenyewe. Mwitaliano akiulizwa kuhusu *le chiavi* hujibu *le ho viste*, na hiyo *le* inafanya kazi ileile ya *-zi-*, hata *viste* imefuata. Wanafunzi wetu husema *ho visto*, wakaiacha sentensi na pengo ambalo katika Kiswahili chao wenyewe wangelisikia mara moja. Tofauti ni kwamba nafsi inayotenda sisi tunaiweka mwanzoni mwa kitenzi, *ni-*, *tu-*, *wa-*, na wao wanaiweka mkiani, *parlo*, *parliamo*, *parlano*, yaani naongea, tunaongea, wanaongea. Ndiyo maana anayemeza mikia ya maneno haeleweki anamsema nani.

Heshima nayo ina hesabu yake. Shikamoo hulipwa mara moja mlangoni, kisha mnaongea. *Lei*, neno la kumheshimu mtu usiyemzoea au aliyekuzidi umri, hulipwa katika kila kitenzi mpaka mnaagana: kuuliza hali ni *come sta*, si *come stai*, na kuomba arudie ni *può ripetere*, si *puoi ripetere*. Mgeni hasamehewi milele, ingawa mwanzoni husamehewa. Anayetaka kupunguza umbali ni mkubwa, naye atasema *diamoci del tu*, yaani tuitane “wewe” tu. Kabla ya hapo, subiri.

Kuhusu wakati uliopita sitawachosha. Kwa maongezi ya kawaida, hasa na watu wa kaskazini ya Italia, *sono andato* (nilikwenda) na *ho mangiato* (nilikula) vinatosha, na *andai* na *mangiai*, vyenye maana hiyohiyo, mnaweza kuviachia vitabu. Kusini mtavisikia zaidi hata mitaani. Redio Vatikani na RAI, shirika la utangazaji la Italia, zinapatikana mtandaoni, lakini sikilizeni dakika 1 mara 10, mkirudia kwa sauti nyuma ya msemaji. Saa nzima inayopita masikioni mkiwa mnapika itawamalizia bando tu.

Tumalizie kwa kazi. Kaeni wawili wawili. Kila mmoja amsimulie mwenzake kwa Kiitaliano safari ya daladala kutoka Ipogolo kupanda mlima mpaka mjini: nani amekaa wapi, konda amesema nini, nani ameshuka na kuku. Mara ya kwanza kwa dakika 4. Kisha mbadilishe mwenzi, simulizi lilelile kwa dakika 3, na mara ya mwisho kwa mwenzi wa tatu, dakika 2. Msiongeze maneno mapya; yaleyale yapitieni tena, yawafikie upesi zaidi. Nitazunguka kati yenu, na leo sitasahihisha kosa lolote isipokuwa moja: abiria wenu wanaopanda ni SALgono, na wanaoshuka ni SCENdono. Haya, wa upande wa dirishani waanze.