Jacques Plante na uso wa kipa

Ndugu wasikilizaji, kabla hatujamzungumzia Jacques Plante, kipa wa timu ya Montreal ya Kanada, tujue kwanza kipa wa hoki ya barafuni anapigwa na nini. Kisahani kinachochezewa ni cha mpira mgumu, kipenyo sentimita 7.6, unene 2.5, uzito unaofikia gramu 170. Hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Kinateleza vizuri hivyo, na kikimfika mtu usoni kinavunja mfupa. Makipa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, walikikabili uso wazi. Clint Benedict alijaribu barakoa ya ngozi mwaka 1930, ikamsumbua macho, akaivua.

Plante alizaliwa Quebec mwaka 1929. Alikuwa na pumu, na pumu hiyo ndiyo iliyompeleka golini: kuteleza kwa muda mrefu kulimkata pumzi.

Wengi humkumbuka kwa barakoa. Mimi naanza na miguu yake. Zamani kipa hakutoka golini. Mpinzani akikitupa kisahani nyuma ya goli, beki alilazimika kugeuka na kukikimbilia huku mshambuliaji akimjia mgongoni. Plante alitoka, akakizuia kwenye ukuta wa uwanja, akakituliza hapo, kisha akarudi upesi. Beki alikikuta kimesimama, naye ameshaelekea mbele. Hatari ilikuwa moja tu: akichelewa kurudi, goli li tupu. Ndiyo maana makocha walimkemea, na ndiyo maana leo kila kipa anafundishwa kazi hiyo.

Sasa barakoa. Bill Burchmore, mtu wa kampuni ya nyuzi za kioo, alichukua umbo la uso wa Plante kwa plasta, akapanga juu yake matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoloweshwa gundi, yakakauka yakawa gamba. Plante aliitumia mazoezini. Kocha wake wa Montreal, Toe Blake, hakuitaka kwenye mechi, akihofia kipa hatakiona kisahani kilicho miguuni pake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu matundu ya macho yalikuwa madogo.

Novemba 1, 1959, mjini New York, mchezaji wa timu pinzani, Andy Bathgate, alimpiga Plante usoni kwa kisahani. Alishonwa nyuzi saba, akasema harudi bila barakoa. Timu siku hizo hazikuwa na kipa wa akiba benchi, kwa hiyo Blake hakuwa na njia. Montreal ikashinda 3-1. Machi 1960 Blake alimwomba aivue kwa mechi moja dhidi ya Detroit, wakafungwa 3-0. Akaivaa tena, na Montreal ikatwaa Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, kwa kushinda mechi zote nane za mtoano, kombe la tano mfululizo.

Barakoa ile ilikuwa na kasoro: ilikaa juu ya ngozi, hivyo nguvu ya pigo ilifika usoni moja kwa moja. Hata hivyo, kwenye fainali ya 1970, Plante akiidakia St. Louis, kisahani kilimpiga kwenye paji la uso, akazimia na kupelekwa hospitali. Alisema mwenyewe kwamba barakoa ndiyo iliyomwokoa. Kipa wa mwisho kucheza NHL uso wazi, Andy Brown wa Pittsburgh, alifanya hivyo Aprili 1974.