"Damu nyingi" ni ngapi? Mazungumzo juu ya bareko (wajitoleaji wa afya wa mitaani na vijijini), Bukavu, Kongo

Bamama na bapapa, asante. Hotuba ya ufunguzi naruka, tuko bana-Bukavu hapa, hakuna asiyejua mama aliyefia kwa uzazi. Wale walishanisikia Kadutu na Bagira wavumilie, niko na neno langu lilelile: damu. Damu ya kisha kuzaa inaweza kumaliza mama mzima ndani ya saa mbili. Huko milima ya Kalehe, mvua imenyesha, pikipiki haipiti, saa mbili zinaishia juu ya kipoyi, machela ya kubebwa mabegani.

Sasa bareko tunawafundisha nini? Tunawaketisha kwa sale, ndani ya ukumbi, karatasi ukutani, "dalili ya hatari: kutoka damu nyingi", wanaandika, wanakula, wanasaini perdiemu, posho ya siku, kwaheri. Nyingi ni ngapi? Ukiuliza, huyu anasema beseni, yule anasema mpaka azimie. Munganga wa hospitali anahesabu nusu lita! Njo maana mimi natia maji rangi nyekundu, namwaga chupa ya nusu lita juu ya kitenge, nasema gusa, kamua, angalia inavyotiririka kwa sakafu ya simenti. Wanachekaga kwanza. Siku moja bibi mmoja wa Walungu akaacha kucheka, akasema lakini hii tunaionaga, sisi tunasema ni uchafu unatoka, uache utoke. Mnasikia? Kule Kigoma wakunga wa kijijini walifundishwa hivi: kanga mbili zikilowa, usingoje. Mashine gani inahitajika hapo?

Najua kuna doka anataka kusema reko hajasoma, usimpe dawa. Doka, oksitosini, ile sindano ya kuzuia damu, inataka friji, digrii 2 mpaka 8, na umeme hamna. Misoprostoli, dawa ya kumeza ya kazi ileile, haiombi friji: vidonge 3 vya mikrogramu 200, mtoto akishatoka mama anavimeza, ila kwanza papasa tumbo ujue hakuna pacha amebakia. Hapo pa pacha njo pa kurudilia mpaka wachoke, siyo kuwasomea azimio la afya ya msingi la Alma-Ata 1978! OMS yenyewe, Shirika la Afya Duniani, inakubali reko aliyefundishwa aipeane kama mkunga hayuko. Unaogopa atakosea? Panda huko umsimamie.

Ya pili, mama mukwe. Anayeamua twende ao tungoje siyo mjamzito, ni yeye na bwana, basi nao waonyeshwe kile kitenge, na feza ya safari ijulikane iko kwa nani mbele uchungu haujaanza. Ya tatu ilikuwa sepeene, kliniki ya wajawazito, naona mnanionyesha saa, naruka. Lakini hii siruki: reko anajitolea, sawa, hata tochi na koti la mvua ajinunulie? Basi, maswali. Mama wa pale nyuma, mkono wako uko juu tangu zamani.