Jengo Ambalo Halikujengwa

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mama zangu wa vikundi vya miche, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa inauliza kama maandamano yana faida ndogo kuliko msaada wa vitendo. Hoja hiyo imekuwa ikisikika sana tangu Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga Muswada wa Fedha, hasa kwa watu wazima wenzangu: "Hawa vijana wangezitumia nguvu zile kuzoa taka mitaani, kupanda miti, kufundisha watoto wa jirani hesabu, nchi ingefaidika zaidi." Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu mwema. Pengine ndiye anayemlipia mtoto wa mwenzake karo. Kwa hiyo nataka nimjibu kwa heshima, na nimjibu kupitia mtu ambaye yeye mwenyewe anamsifu, Profesa Wangari Maathai.

Anamsifu kwa miti. Na ni haki yake kumsifu, kwa sababu kazi ile ilikuwa msaada wa vitendo katika hali yake safi kabisa. Miaka ya sabini, kwenye Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, Wangari aliwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza wanachokosa: kuni, maji safi, chakula chenye lishe, na senti za matumizi. Yeye alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akaijua ardhi ile ilipokuwa bado na vijito na mikuyu. Mwaka 1971 alikuwa amepata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Mtu kama huyo angeweza kuandika ripoti. Badala yake akasema tupande miti.

Tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Mitano ikafa. Wakajifunza kuwa mti ukipandwa na msafara wa waheshimiwa, kisha waheshimiwa wakaenda zao, hauna mwenyewe wa kuumwagilia maji. Ndipo kazi ikapelekwa kwa wanawake wenyewe, vijijini kwao. Maafisa wa misitu walitilia shaka kama watu wasio na diploma wanaweza kuotesha miche. Wanawake wakaotesha, wengine kwenye vyungu vilivyovunjika, kwa ujuzi uleule wa kupanda maharagwe na mahindi. Walilipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Narudia, uliopona, maana aliyechimba shimo tu hakulipwa. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, shirika lake, Green Belt Movement, lilikuwa linahesabu miti milioni 30.

Sasa jiulizeni. Kama msaada wa vitendo unatosha, mama huyu alitoka kitaluni kwenda kutafuta nini barabarani?

Mwaka 1989 zilimfikia habari kwamba ndani ya Uhuru Park litajengwa jumba la ghorofa 60. Mradi ulikuwa wa chama tawala, KANU, kupitia gazeti lake la Kenya Times, kwa ushirikiano na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Makadirio ya gharama yalikuwa kama dola milioni 200, na mbele ya jumba ingesimama sanamu kubwa ya Rais Moi. Jengo refu kuliko yote nchini wakati huo, jumba la mikutano la KICC, lina ghorofa 28. Na Uhuru Park, kwa wale ambao hawajafika, ni hekta karibu 13 tu katikati ya jiji, mahali ambapo mtu asiye na pesa ya hoteli anaweza kujinyoosha kwenye nyasi Jumapili na watoto wake bila kuulizwa ananunua nini.

Hebu tumpe Wangari ushauri wa yule mtu mwema. Mama, usipige kelele, endelea kupanda miti. Vizuri. Angepanda mingapi, na wapi, ili kufidia uwanja ule? Angepanda milioni moja Murang'a na milioni moja Machakos, na mkazi wa Kibera au Eastlands bado asingekuwa na mahali pa kupumzikia mjini. Kuna hasara ambayo haifidiki kwa wema unaofanywa mahali pengine. Inazuiwa palepale inapotaka kutokea, au haizuiwi tena.

Aliandika barua. Aliwaandikia waliokuwa na mradi, Ofisi ya Rais, mashirika ya Umoja wa Mataifa, na balozi wa Uingereza, akiuliza kama watu wa London wangekubali jumba kama lile katikati ya Hyde Park. Tarehe 8 Novemba wabunge walikatiza shughuli za Bunge kumjadili yeye, wakasema wanawake wake ni kundi la waliopewa talaka. Wiki moja baadaye ujenzi ukazinduliwa. Alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Desemba, Rais alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na hunyamaza. Shirika lilifukuzwa kwenye ofisi za serikali lilizokuwa likitumia, likahamia nyumbani kwake South C, mafaili sebuleni na wafanyakazi kila chumba. Lakini kelele zile zilikuwa zimewafikia wenye fedha. Wafadhili wa nje wakaanza kusita, mwaka 1990 mradi ukapunguzwa, na Februari 1992 uzio wa ujenzi ukaondolewa uwanjani.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hesabu za watu wengi zinapoteleza. Kazi ya msaada huhesabika. Miche elfu mbili, madawati arobaini, magunia kumi ya unga. Mfadhili anapiga picha, anaandika ripoti. Tunda la maandamano yaliyofaulu ni jambo ambalo halikutokea. Ni jumba ambalo halipo. Hakuna anayeweza kulipiga picha jumba ambalo halipo. Mtoto anayekimbia leo Uhuru Park hajui kwamba anakimbia mahali ambapo ujenzi ulikuwa umeshazinduliwa. Kwa hiyo tukilinganisha mambo haya mawili kwa kutazama kinachoonekana, msaada utashinda kila siku, na ushindi huo utakuwa wa kupunja. Ukitaka kulinganisha kwa haki, orodhesha pia yote yaliyozuiwa.

Na orodha ya Uhuru Park ni ndefu. Desemba 2002 palepale uwanjani Mwai Kibaki aliapishwa, na utawala wa miaka 24 ukakabidhi madaraka. Tarehe 27 Agosti 2010, palepale, Katiba mpya ilizinduliwa, na ndani yake Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Umati ule ulisimama kwenye nyasi ambazo mwanamke mmoja aliambiwa anyamaze kuhusu nyasi hizo.

Mtu ataniambia, sawa, lakini si angeendelea na miti yake bila kuingia siasa? Hapana, hakuachiwa. Kulikuwa na sheria ya tangu ukoloni kwamba watu zaidi ya tisa hawakutani bila kibali cha serikali, na ilitumika dhidi ya vikundi vyake. Fikirieni kitalu cha miche: wanawake kumi na tano wamekutana kujaza udongo, tayari wamevunja sheria. Sheria ya namna hiyo huondolewa na nani? Koleo haliiondoi. Mtu anayesema atasaidia tu, bila kugusa mamlaka, anadhani mamlaka nayo itaahidi kutomgusa.

Nije kwa kina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwisho wa Februari 1992 waliketi kwenye kona ya Uhuru Park, ile tunayoiita Freedom Corner, wakaanza mgomo wa kula wakidai wana wao waachiliwe. Wangari alikuwa nao. Siku chache baadaye askari waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Yeye alipigwa mpaka akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo kila askari pale aliielewa bila kutafsiriwa. Walihamia chumba cha chini ya ardhi cha kanisa la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, hadi wafungwa wakaachiliwa.

Mama kama huyo ungemsaidiaje kwa vitendo? Ungempelekea unga, na unga ni wajibu, sikatai. Ungemlipia nauli ya kwenda gerezani. Lakini haja yake ilikuwa mwanawe, na mwanawe alikuwa amefungwa na dola. Kwa shida iliyoletwa na dola, msaada wa jirani unamfikisha mtu hadi kwenye lango la gereza, na lango halifunguki kwa unga.

Kisha kuna upande ambao wapenda msaada hawapendi kuutazama, kwamba msaada nao unaweza kudhuru. Harambee, michango ya pamoja ya wananchi, ilijenga shule nyingi katika nchi hii, nyingine kwa kuku na mayai ya wajane, na mimi naiheshimu kwa moyo wote. Lakini tuliiona pia ikigeuka. Mwanasiasa anakuja na bahasha nene, anashangiliwa, na hakuna anayeuliza kwa nini shule ya umma inasubiri bahasha yake wala bahasha ilijazwa wapi. Chifu naye anakusanya michango kwa lazima. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 2003 sheria ya maadili ya maafisa wa umma iliwawekea mipaka juu ya kuchangisha harambee. Msaada usiouliza swali humfaa sana yule aliyesababisha upungufu.

Je, maandamano hayana ubaya? Yana gharama kubwa, na wanaolipa ni wazazi. Mwaka 2024 makumi ya vijana waliuawa. Msitu wa Karura nao una ukurasa ambao siupendi: Oktoba 1998 mitambo ya wajenzi iliteketezwa mle ndani. Moto hubadilisha mazungumzo; watu huacha kuuliza nani ameiba msitu wakaanza kuuliza nani amechoma tingatinga.

Karura ni zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa Nairobi, na sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Tazameni alichofanya Wangari. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda langoni akiwa na wanachama wake, wabunge kadhaa wa upinzani na waandishi wa habari. Walibeba miche na maji ya kumwagilia. Walikuja kupanda mti, basi. Wanaume waliowekwa kulinda walikuwa wengi, wakawashambulia. Yeye akapasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi na kutia alama ya sahihi kwenye taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo Rais akatangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Hayo yalikuwa maandamano au yalikuwa msaada? Sioni pa kukata. Mche ulikuwa mkononi na uso ulikuwa kwa mnyakuzi. Na angalia kilichofuata: msitu ulibaki, lakini kwa miaka mingi ulikuwa mahali pa kuogopwa, pa wezi na wakata miti. Ilibidi waje watu wa uzio, wa njia za kutembelea, wa kung'oa mimea vamizi. Chama cha jamii kikashirikiana na Huduma ya Misitu, na vijana wa mtaa wa Huruma unaopakana nao wakawa walinzi wa msitu uleule. Kazi hiyo ya polepole ni ya thamani sana. Lakini haingekuwa na msitu wa kuifanyia.

Kwa maoni yangu, kilichoyapa maandamano ya Wangari uzito ni miaka 12 ya kitalu kati ya 1977 na 1989. Waliweza kumtukana, waliweza kumpiga. Hawakuweza kusema hajui anachokisema kuhusu udongo na maji. Wanavijiji walimjua. Ndiyo maana nawaambia vijana wa mabango wasiwadharau mama wa miche, na mama wa miche wasiwaite vijana wavivu. Mwaka 2024 siku ileile risasi zilipokuwa zikilia, madaktari wa kujitolea walikuwa wakifunga vidonda, mawakili wakizunguka vituo vya polisi bila malipo, na watu wakichangishana mtandaoni fedha za hospitali na mazishi. Nani kati yao alikuwa anaandamana na nani alikuwa anasaidia?

Tena kumbukeni mkate. Muswada wa Fedha ulitaka kuutoza mkate wa kawaida kodi ya asilimia 16. Mtu mkarimu angeweza kuwanunulia majirani zake watano mkate kila asubuhi, na Mungu angemlipa. Kelele za Juni ziliiondoa kodi hiyo kwa kila nyumba nchini, na tarehe 26 Rais Ruto akakataa kutia sahihi muswada wote.

Nimalizie na jambo la kazi, maana mwenyekiti ameniambia wengi hapa mnahofia kunyakuliwa kwa kipande chenu cha uwanja wa umma kando ya mto. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Huombi kibali. Unatoa notisi kwa maandishi kwa afisa anayesimamia kituo cha polisi cha eneo hilo, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya siku 14, ukitaja jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita. Wekeni nakala iliyogongwa muhuri. Kabla ya hapo, nendeni kwenye masjala ya ardhi mkaangalie kipande hicho kimeandikwa kwa jina la nani. Na miche ile iliyo tayari kitaluni, msingoje kesi iishe. Anzeni kuipanda pale mtoni Jumamosi hii, mchana kweupe, majirani wakiona. Sasa nipo tayari kwa maswali, tuanze na mama wa kikundi aliyeinua mkono tangu mwanzo.