Mlango Alioufunga Nora: Mhadhara kwa Walimu wa Fasihi, Iringa

Ndugu walimu, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie mikondo na sifa za tamthilia ya kisasa, nami najua mnachongoja: uhalisia, uasilia, tamthilia ya kiepiki inayomtaka mtazamaji afikiri na kuhukumu, ubwege unaoyaonyesha maisha kuwa hayana maana, kila mkondo na sifa zake tano za kunakili. Orodha hiyo wanafunzi wetu wamekwisha kuikariri, na bado ukiwauliza kwa nini hadhira ilikasirika, wanakutazama tu.

Basi tuanze na hasira. Desemba 1879, mjini Copenhagen, ilionyeshwa tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen, *A Doll's House*, ambayo mwishoni mwake Nora anamwacha mumewe na watoto watatu, kisha tunasikia mlango ukifungwa. Hakuna mfalme aliyeuawa wala mzimu aliyetokea; ni sebule, mume anayekaribia kuwa meneja wa benki, na deni lililopatikana kwa saini ya kughushi. Mwigizaji mmoja wa kike wa Ujerumani, aliyekuwa amcheze Nora, alikataa katakata kuucheza mwisho huo, akisema kwamba yeye asingewaacha watoto wake kamwe. Ibsen, akihofia kwamba mtu mwingine angeibadili kazi yake, akaandika mwenyewe mwisho ambao Nora anapelekwa mlangoni pa chumba cha watoto waliolala, anaishiwa nguvu, anabaki. Na mwisho huo aliuona kuwa ni unyama dhidi ya tamthilia yake. Tazameni: mama yule hakulalamikia lugha wala maleba, bali alijipima kwa mhusika na kipimo kikamuuma. Usasa ninaousema ndio huo.

Najua yupo mwalimu pale nyuma, aliyejitanda shuka kwa baridi hii, anayesema moyoni kwamba hayo ni ya Wazungu, sisi tuna ngoma na majigambo. Tunayo, na ni mazuri. Lakini Ebrahim Hussein, katika *Kinjeketile* iliyochapishwa 1969, alivichukua Vita vya Maji Maji, ambavyo Wangoni na Wabena wa huku kwetu waliviingia, na asiandike majigambo. Kinjeketile wake anayatilia shaka maji yake mwenyewe, yale aliyowapa watu kuwa kinga ya risasi; kisha, akitakiwa ayakane, anakataa, kwa kuwa neno limekwisha kuzaliwa. Mtazamaji haambiwi ashangilie, anaachiwa kesi aiamue, jambo ambalo Bertolt Brecht, Mjerumani wa tamthilia ya kiepiki, alilipigania sana.

Sasa, niliwahi kualikwa katika shule moja huko Mbeya kutazama tamthilia hiyohiyo, nikakuta mwalimu msimamizi ameifuta shaka yote, eti shujaa asichafuliwe mbele ya wazazi. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilimwona mwigizaji wa Ujerumani amefika Mbeya, isipokuwa safari hii hakuomba ruhusa ya mwandishi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chekhov, mtunzi wa tamthilia wa Urusi, nimemruka, mtanisamehe. Kuhusu ubwege niseme moja tu: mwaka 1953, jijini Paris, Samuel Beckett aliwaweka jukwaani watu wawili wanaomngoja mtu ambaye haji, na mkulima yeyote wa Njombe aliyewahi kungoja mbolea ya ruzuku hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Penina Muhando, mtunzi wetu wa tamthilia, anastahili siku yake peke yake. Maswali, tafadhali, nami naomba tuanze na yule mwenye shuka.