Njia ya Akiba Iliyoninyamazia

Mhadhara kwa vijana wa programu na mitandao, Moshi

Asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni, feni yenyewe inafika mbele tu.

Kijana aliyetangulia ametuonyesha kwenye projekta skripti yake, programu fupi ya kutuma barua pepe. Njia ya kwanza ikigoma, inahamia ya pili. Ya pili ikigoma, ya tatu. Mkampigia makofi. Mimi sikupiga, na si kwa wivu. Niliwahi kuandika skripti ya namna hiyo, ikanifikisha geti la Marangu, la kupandia Kilimanjaro, saa mbili asubuhi nimeshika kichwa. Wanaonijua wameshaanza kucheka, kisa wanakijua. Vumilieni, leo kuna wageni.

Kampuni moja ya utalii ilinipa kazi ndogo: safari ikithibitishwa, skripti itume orodha kwa msimamizi wa wapagazi. Wageni wangapi, wapishi wangapi, nani hali nyama. Nikaweka njia tatu. Ya kwanza, seva ya mtoa huduma wa barua kwa poti 587, mlango wa kukabidhi barua kwa jina na nywila. Ya pili, sendmail, amri ya kutuma barua iliyomo kwenye mashine yenyewe. Ya tatu, kuandika kwenye faili na kunitumia meseji kwenye simu. Nikajiona fundi.

Basi mhasibu akabadilisha nywila. Hakuniambia, aniambie mimi nani? Jumatatu skripti ikabisha hodi, ikajibiwa 535, yaani sikutambui. Ikahamia njia ya pili, kama nilivyoifundisha. Sendmail ikaipokea barua, ikarudisha sifuri, na kwa mashine sifuri maana yake mambo safi. Skripti ikaandika "imetumwa" kwenye logi, daftari lake la matukio, ikalala. Njia ya tatu, ile yenye meseji, haikuguswa kabisa. Kwa hesabu ya skripti hakuna kilichoharibika.

Hapa nisikilizeni vizuri. Nyuma ya ile amri kulikuwa na Postfix, programu ya kusafirisha barua, na Postfix haikusema barua imefika. Ilisema nimeipokea, nimeiweka kwenye foleni. Kutoka foleni ilipaswa kupita poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, na aliyetuuzia intaneti alikuwa ameifunga, kama wengi wanavyofanya kuzuia barua taka. Postfix ukiiacha ilivyo, hujaribu na kujaribu kwa siku 5 ndipo ikate tamaa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano kimya. Alhamisi wageni wanashuka garini Marangu, mabegi chini, mpagazi hata mmoja hakuna.

Tulikusanya watu kwa simu mpaka saa saba mchana. Mpishi tulimtoa kwenye maandalizi ya kipaimara cha mtoto wa dada yake, na mama wa mtoto hajanisalimia hadi leo. Jumamosi, wageni wakiwa kambi ya Horombo mlimani wanazoea hewa, ndipo Postfix ikaona vyema kunipa taarifa kwamba barua imeshindikana. Ikaiweka wapi? Ndani ya /var/mail, kwenye sanduku la mtumiaji aliyeendesha skripti, ambalo hakuna binadamu aliyelifungua tangu mashine inunuliwe.

Najua mtakachosema: "Mzee, kosa ni la poti 25, njia ya akiba unaionea." Siionei! Ningekuwa na njia moja tu, skripti ingekufa Jumatatu ileile kwa 535, nami ningejua kabla ya chai. Njia ya pili ndiyo iliyonifichia ugonjwa. Ndiyo maana nasema kila mwaka, na nitasema mpaka mnichoke: skripti ikihama njia, ipige kelele hapohapo, hata kama njia mpya imekubali. Meseji kwa mtu mwenye jina, siyo mstari kwenye logi. Na meseji yenyewe ipite kwingine. Kama barua na meseji zote zinatoka kwenye intaneti ya ruta ileile, umeme ukikatika una njia sifuri. Neno "imetumwa" nimelifuta kwenye kazi zangu. Naandika imepokelewa na seva gani, saa ngapi, kwa jibu gani.

Dada pale anauliza lini basi tuhame njia. Sikiliza namba ya jibu, zipo tangu Jon Postel alipoandika SMTP, utaratibu wa seva kupeana barua pepe, mwaka 1982. Nenda stendi na boksi la kwenda Dar. Kondakta akisema buti imejaa, ngoja gari lijalo, hiyo ni namba inayoanza na 4: rudi baadaye. Ukiwa umeandika juu ya boksi namba mbovu ya mpokeaji, hiyo ni 550. Badilisha mabasi matatu, boksi litakwenda na kurudi mara tatu. Kwa hiyo 550 haihami njia, inarudi kwa binadamu aliyeandika anwani.

Na ile ya 4 usiikimbilie. Kuna seva humkatalia mgeni kwa makusudi mara ya kwanza, zione kama atarudi. Barua taka nyingi hazirudi. Wewe ukikataliwa unarukia seva nyingine, nako ni mgeni upya, unaanza moja. Ngoja. Utaratibu wenyewe unashauri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena.

Halafu kuna barua kufika mara mbili. Umemaliza kutuma, umeweka nukta ya mwisho ya kusema barua imeisha, mtandao ukakatika kabla hujasikia 250, yaani nimeipokea. Imepokelewa? Hujui, na hakuna njia ya kujua. Ukihama njia, msimamizi anapata orodha mbili na kuleta wapagazi mara mbili. Tengeneza Message-ID, kitambulisho cha barua, mwenyewe kabla ya jaribio la kwanza, itumike ileile njia zote, angalau ijulikane kuwa ni barua moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. SPF, rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yenu, nilitaka niieleze kwa utulivu, haiwezekani: seva ya njia ya akiba nayo iwe kwenye rekodi hiyo, la sivyo siku ya shida barua zitaishia kwenye taka. Gmail imekaza masharti tangu Februari 2024. DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, mtaisoma. WhatsApp, mtaniuliza wakati wa chai.

Na wewe kijana wa projekta, mstari wa 12 wa skripti yako una nywila, imeandikwa wazi, na ukumbi mzima tumeisoma. Kompyuta unayo hapo. Ibadilishe kwanza, ndipo uje kwenye maandazi.