Shikeni Kalamu: Katakana Huanzia Mkononi

Ndugu zangu, hili hulisema kila darasa jipya likianza, na leo nalirudia: shikeni kalamu. Herufi za msingi za katakana, mwandiko wa Kijapani unaotumika hasa kwa maneno ya kigeni, ni 46 tu, lakini nne kati ya hizo zimewatoa watu jasho.

Tazameni ubaoni. シ ni shi, ツ ni tsu. Kwa macho tu ni pacha. Sasa fuateni mkono wangu. Shi: vistari viwili vifupi, kimoja chini ya kingine, kisha mstari mrefu unaanzia chini kushoto na kupanda. Tsu: vistari viwili juu, bega kwa bega, kisha mrefu unaanzia juu kulia na kushuka. Punguzeni kistari kimoja kimoja, mnapata ン, yaani n, inayopanda, na ソ, yaani so, inayoshuka.

Kijana wangu mmoja, Hassani, alijifunza miezi mitatu kwenye simu bila kuandika hata herufi moja. Jina lake kwa katakana ni ハッサン, Hassan. Ile tsu ndogo katikati hufanya kazi ya shadda, hukaza s inayofuata. Siku alipoliandika mbele ya mgeni Mjapani, mstari wa mwisho akaushusha. Mgeni akasoma kwa adabu zote: "Hassaso-san," yaani Bwana Hassaso. Usiku ule alijaza kurasa mbili za jina lake. Daftari lile ninalo. Ukurasa wa kwanza karatasi imetoboka kwa kukandamizwa; wa pili mkono umelegea, n inapanda yenyewe.

Mtasema: mwalimu, nani anaandika kwa mkono siku hizi? Sawa, chapeni. Lakini kusoma je? Jicho halitambui mstari umetokea wapi mpaka mkono uwe umepita njia hiyo.

Na kwa nini siwaanzishi hiragana, ule mwandiko mwingine wa Kijapani? Kwa sababu humu kwenye katakana mnakutana na maneno mnayoyajua: バス, basu, ni basi, ホテル, hoteru, ni hoteli. Hata safari yetu wameichukua kwa mbuga za wanyama, サファリ. Irabu ni zilezile tano. Mnataka nini tena?

Muda unakimbia. Alama ya kuvuta sauti, ー, msiidharau: ビール ni bia, ビル ni jengo. Tutairudia.

Fungueni madaftari, tuandike キリマンジャロ, Kilimanjaro. Mkifika katikati, n na ji, yaani shi yenye vistari viwili vidogo pembeni, zimekaa jirani, na zote mbili zinapanda. Napita nyuma yenu kutazama mikono.